Maikrofoni ya Majini Kutoka Bagamoyo Hadi Kigoma: Inachosikia na Isichosikia

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Kigoma mjini. Kwa miezi mitano nimekuwa nikitumia kifurushi cha kusikilizia sauti za majini nilichokinunua kwa fedha zangu mwenyewe, shilingi 240,000 pamoja na gharama ya kukisafirisha kwa basi, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye hutangaza bidhaa zake kwenye simu. Sandukuni mna maikrofoni nyeusi yenye ukubwa wa kidole gumba, waya wa mita kumi, kikuza sauti kidogo kinachotumia betri la mstatili la volti 9, kadi ya kumbukumbu yenye sauti za mfano, na kijitabu cha kurasa ishirini na nne. Tangazo liliahidi kwamba mnunuzi atawasikia kaa na kamba wakizungumza. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe fedha, na ndiyo nitakayoipima hapa, kwa sababu wapo walimu wenzangu wa Ujiji na Kasulu walioniuliza kama nao wanunue. Hukumu yangu kwa ufupi ni kwamba maikrofoni ni nzuri kuliko kijitabu chake, na kijitabu ni kizuri kuliko muuzaji.

Nianze ziwani. Jioni ya kwanza nilikwenda Katonga na vijana wanne wa klabu ya sayansi, tukaazima mtumbwi na kushusha maikrofoni hadi waya ukaisha. Tulichokisikia kwanza ni waya wenyewe: kila ulipogusa ubavu wa mtumbwi ulitoa mlio kama wa mtu anayekwaruza mlango wa bati kwa ukucha. Tuliuviringishia kipande cha tyubu ya baiskeli pale ulipopita kwenye mbao, ukanyamaza, na hapo tukasikia nisichokitarajia, yaani injini ya boti ambayo macho yalikuwa bado hayajaiona, ikivuma kana kwamba iko chini ya miguu yetu. Majini sauti husafiri kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, nayo hufika mbali zaidi kabla ya kufifia. Baada ya muda boti ya abiria ikajitokeza nyuma ya rasi. Kijana mmoja akauliza kama viumbe waliomo majini nao huisikia, na kama huwakera. Swali hilo lilikuwa bora kuliko lolote lililomo kijitabuni, na nitalirudia.

Kaa wa ziwani hawakunipa kitu. Ziwa Tanganyika lina kaa wake wa jenasi Platythelphusa ambao hawapatikani kwingineko duniani, nami nilimweka mmoja ndani ya ndoo yenye mawe na kumsikiliza kwa saa nzima. Nilisikia kucha za miguu yake zikigonga plastiki na vijiwe vikisogezwa, lakini sikusikia mlio niliothubutu kuuita ishara. Mnunuzi wa Kigoma ajue hilo mapema: wanyama wenye makelele ambao tangazo linawasifu ni wa bahari ya chumvi, na anayedhani atawapata Kibirizi atarudi na mlio wa injini na wa kokoto tu.

Basi likizo ya Desemba nilipanda treni, nikapita Tabora usiku, nikafika Dar es Salaam na kuendelea hadi Bagamoyo kwa shemeji yangu. Watu wa Ujiji wanajua kwamba njia ya misafara ya zamani ilianzia huko ikaishia kwetu, nami nilijiona kama mpagazi wa mwisho, ila mzigo wangu ulikuwa waya. Asubuhi maji yalipokuwa yameanza kujaa, mzee mmoja mwenye ngalawa alikubali kunipeleka hadi kwenye miamba ya karibu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akacheka kwa upole. Nilishusha maikrofoni mita nne, nikarekodi dakika kumi kwa programu ya sauti iliyokuja na simu yangu, kisha nikasikiliza. Palikuwa na ukimya wenye mvumo hafifu, basi.

Niliilaumu maikrofoni bure. Programu nyingi za simu zimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, hivyo huondoa zenyewe kila kinachofanana na mchakacho wa nyuma, na mchakacho ndio hasa nilioufuata. Simu ilikuwa imewafuta kamba wote wa Bagamoyo ikidhani inanisaidia. Kijitabu hakisemi neno juu ya jambo hili, na kwangu hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote. Nilipochomeka vipokea sauti moja kwa moja kwenye kikuza sauti, bila simu, ngalawa nzima ilijaa mlio. Kwa msomaji wa Kigoma naweza kuueleza kwa maneno machache: ni mawese yaliyochemka vizuri, yakamiminiwa dagaa wabichi ambao hawajakauka maji. Haukukatika hata nukta moja. Nilimpa yule mzee asikilize, akatikisa kichwa. “Hao ni kamba, mwalimu,” alisema. “Ukilala ndani ya chombo usiku unawasikia kupitia mbao.” Fedha yangu ilianza kurudi hapo.

Anayefanya kelele hizo si kamba tunayemla kwenye pilau. Ni kamba mdogo wa jamii ya Alpheidae, urefu wake sentimita chache tu, ambaye nitamwita kamba bastola kwa kuwa gando lake moja ni kubwa kupita kiasi na hufyatuka. (Kwa vijana wangu, waliozoea kwamba kamba ni ile ya kuvutia kokoro, ilinibidi kwanza nichore picha ubaoni.) Kijitabu kinaeleza kwamba mlio hutoka pale vidole viwili vya gando vinapogongana. Maelezo hayo yalikuwa ya kawaida zamani, lakini mwaka 2000 Michel Versluis na wenzake walionyesha kwa picha za kamera ya kasi kubwa kwamba sivyo. Gando linapofunga, kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, kijino kilicho kwenye kidole kimoja huingia kwenye shimo la kidole kingine na kuyasukuma maji nje kwa kasi ya karibu mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, mwendo wa basi kwenye barabara nzuri. Nyuma ya mchirizi huo shinikizo la maji hushuka mno hata kiputo kikajitokeza, kikavimba, kisha kikasinyaa kwa nguvu. Mlio ni wa kiputo kinaposinyaa. Mwaka uliofuata watafiti haohao wakaonyesha kwamba wakati huo hutoka mmweko wa mwanga usioonekana kwa macho, na kwamba ndani ya kiputo joto hufika angalau Kelvini 5,000. Kijitabu kilichochapwa miaka mingi baadaye hakina udhuru wa kutolijua hilo.

Je, huko ni kuzungumza? Hapa tangazo linakwenda mbele kuliko ukweli. Mara nyingi kamba bastola hufyatua gando ili kulizimisha windo lake, au kulinda shimo lake. Wawili wa aina moja wanapokabiliana hufyatuliana pia, lakini hukaa umbali ambao mchirizi hauwezi kujeruhi, na uchunguzi wa Jens Herberholz na Barbara Schmitz umeonyesha kwamba kinachopeleka habari kati yao ni huo mchirizi wenyewe, unaopokewa na vinyweleo vya gando la mwenzake. Mimi nikiwa juu ya ngalawa nasikia mshindo, kumbe wao kule chini wanasoma msukumo wa maji. Hata hivyo wapo wanaokaribia kweli kile ambacho muuzaji alikiahidi. Synalpheus regalis, kamba bastola wa miamba ya Belize, huishi kama nyuki, makundi makubwa ndani ya sifongo moja, na mgeni akiingia, walinzi wengi hufyatua magando kwa pamoja na kwa mfululizo hadi aondoke. Mfyatuo wa mmoja pekee hauna mpangilio huo. Laiti kijitabu kingetumia ukurasa mmoja kwa kisa hiki badala ya kurasa tatu za picha za fukwe.

Kadi ya kumbukumbu ndiyo sehemu ya kifurushi niliyoipenda kuliko zote, ingawa haina maelezo ya kutosha. Ina sauti nane, na darasani nimezitumia tatu tu.

Ya kwanza ni ya kambakochi, yule kamba mkubwa wa baharini. Ukimshika, hutoa mkwaruzo wa kukatikakatika kama mlango wenye bawaba kavu. Sheila Patek alieleza mwaka 2001 jinsi unavyotokea, na kwa mtu wa mikoa yetu maelezo yake ni mepesi ajabu, kwa sababu sisi tuna zeze. Panzi hulia kwa kukwaruza kitu kigumu kwenye meno magumu, kama ukucha juu ya kitana. Kambakochi yeye ana kipande laini kwenye shina la kila papasi, yaani ile ndevu ndefu ya kichwani anayopapasia, nacho hukiburuta juu ya kituta kilicho chini ya jicho, kinanasa, kinateleza, kinanasa tena, sawasawa na upinde wa zeze unavyofanya juu ya uzi. Faida yake huonekana pale mnyama anapojivua gamba. Siku hizo mwili wake wote ni laini na hana cha kujikingia, lakini sauti yake haipotei, kwa kuwa haikutegemea ugumu wa gamba. Nilileta zeze la jirani darasani, nikamwomba kijana apake upinde sabuni na kujaribu kupiga. Lilipokataa kulia, darasa lilielewa msuguano bila mimi kuongeza neno. Huhitaji hata maikrofoni kwa somo hilo. Si kila kambakochi analia, kwani wa jenasi Jasus hawana chombo hicho kabisa. Kwa wanaolia, sauti hutumika hasa kumshtua adui. Watafiti waliofanya kazi Ufaransa na kuchapisha matokeo mwaka 2020 walikadiria kwamba mlio wa kambakochi wakubwa wa Ulaya unaweza kutambuliwa kwa vyombo hadi kilomita 3 bahari ikiwa tulivu, na hilo huwafanya wengi waulize kama wenzake nao huusikia. Chombo kuusikia ni jambo moja, na kambakochi kuusikia ni jambo jingine.

Sauti ya pili ilinitesa. Kadi inasema ni ya kamba mkwezi wa mashimo, Hemisquilla wa pwani ya California, jamii ya wale wenye mikono iliyokunjwa kama ya vunjajungu. Nilicheza faili hiyo mara tatu kwa spika ya simu na darasa zima likanitazama kama mtu aliyeishiwa. Sheila Patek na Roy Caldwell walioirekodi walieleza mwaka 2006 kwamba ni ngurumo nzito mno, ya mitetemo kama 20 hadi 60 kwa sekunde, inayotokana na misuli inayotikisa gamba la mgongoni, na spika ndogo haina uwezo wa kutoa besi ya namna hiyo. Jumatatu iliyofuata niliazima spika kubwa ya kwaya. Wanafunzi wa safu ya mbele waliweka viganja juu ya madawati, na kabla masikio hayajaamua kama kuna kitu, mikono ilikuwa imeshajua. Msichana mmoja aliondoa kiganja chake haraka, akakitazama, akakirudisha. Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo, kwa kadiri fulani, wanyama hawa wanavyosikia.

Kaa na kamba hawana sikio lenye ngoma kama letu. Wana vinyweleo mwilini na viungo vya fahamu miguuni vinavyopokea mtikisiko, na kwenye shina la kila papasi ndogo wana kifuko chenye chembe za mchanga juu ya vinyweleo, ambacho kazi yake ya kwanza ni kumwambia mnyama wapi ni juu na wapi ni chini. Mnyama akijivua gamba, mchanga huo hutoka pamoja na gamba, na hulazimika kuutia mwingine. Mwaka 1893 Alois Kreidl aliwaweka kamba waliojivua gamba kwenye chombo kisicho na mchanga bali chenye unga wa chuma. Wakautia huo, na aliposogeza sumaku juu yao waligeuka kichwa chini, wakiamini kwamba dunia imepinduka. Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata jaribio linalokaa akilini mwa mwanafunzi kama hilo.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii. Kipande cha kauri kilichomo ndani ya maikrofoni hupima shinikizo la maji linavyopanda na kushuka, kisha huligeuza kuwa umeme. Mnyama yeye hupokea mwendo wa maji au wa mchanga wenyewe, huku na huko. Vitu hivi viwili huenda pamoja lakini si kitu kimoja, hasa karibu na chanzo cha sauti, hivyo aliyevaa vipokea sauti vyangu hasikii anachosikia kamba. Kuna mipaka mingine miwili. Simu husoma sauti kwa kawaida mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kuhifadhi mitetemo inayozidi 22,000, ilhali mshindo wa kamba bastola una sehemu zinazofika 200,000. Na juu ya nchi kavu chombo hiki hakina kazi. Pale Bagamoyo nilikichomeka kwenye tope la mikoko karibu na mashimo ya wale kaa ambao dume ana gando moja kubwa. Inajulikana kwamba mchana hulipunga kumwita jike na usiku hupiga nalo ardhi, lakini nilichopata ni vidoko hafifu nisivyoweza kuvitofautisha na maji yanayodondoka.

Sauti ya tatu ni ya kaa wa mchangani, wale wenye rangi ya mchanga wanaokimbia ukitembea ufukweni. Magando yao yana mistari wanayoisugua, lakini mwaka 2019 Jennifer Taylor na wenzake walieleza kwamba aina moja ya Marekani, Ocypode quadrata, hukoroma pia kwa meno yaliyomo ndani ya tumbo, yaleyale ya kusagia chakula, ikiwa imeyainua magando kumtisha adui. Vijana wangu walilipokea hilo kwa kicheko kirefu, kwa kuwa nasi huwa tunasikia matumbo yakinguruma kipindi cha saa sita, ila hayamtishi mtu.

Sasa lile swali la Katonga. Kijitabu kinanyamaza kuhusu kelele za binadamu, na jibu lipo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kaa wa pwani, Carcinus maenas, wakichezewa sauti ya meli iliyorekodiwa, hukatiza kula mara nyingi zaidi na huchelewa kukimbilia maficho. Kwa upande mwingine, watoto wa kaa wanaoelea baharini husaidiwa na mchakacho wa miamba kutambua mahali pa kukaa. Nilimwambia kijana wangu kwamba kaa wake wa ziwani ni somo ambalo yeye anaweza kulianza, na tangu hapo anaandika kwenye daftari saa na aina ya kila injini tunayoisikia.

Kuhusu ubora wa vifaa nitasema kwa haraka. Plagi haikuingiliana na simu yangu, nikanunua adapta sokoni. Betri hudumu jioni tatu. Maikrofoni imeandikwa kwamba inastahimili kina cha mita 30, sifa isiyo na faida kwa waya wa mita kumi. Mwezi wa tatu maji yaliingia kwenye kiungio cha waya na sauti ikawa kama redio iliyopoteza kituo. Nilimpigia muuzaji, akaniambia kwa adabu kwamba dhamana ya mwaka mmoja haihusu uharibifu unaotokana na maji. Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamkumbusha jina la bidhaa yenyewe. Akasema atalifikisha kwa wakubwa, na tangu siku hiyo simu yake huita bila kupokewa.

Nilikausha kiungio kwa siku mbili juani, nikakiziba kwa gundi ya silikoni ya dirisha kutoka duka la vifaa vya ujenzi na kukifunga na utepe wa tyubu. Kimelala kwenye ndoo usiku kucha mara mbili na kutoka kikavu. Shule ya pwani, au yenye uwezo wa kuwapeleka wanafunzi huko, inunue bila kusita, mradi ipakue programu ya kurekodi inayoruhusu kuzima usafishaji wa sauti. Shule ya huku ziwani isinunue yake kwanza. Ya kwangu ipo, na mwalimu yeyote wa Kigoma anaweza kuja kuiazima siku za Jumamosi, ila aje na betri lake.